Gari Lililokaa Eda: Safari ya Mombasa Hadi Mambrui



Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa kilomita 120 hivi, na ni nadra kuipata familia ya pwani isiyokuwa na haja yake katika njia hiyo. Kuna aliyeolewa Takaungu, kuna aliyezikwa Kilifi, kuna mwenye shamba la minazi Gongoni. Watu huipita wakienda harusini, matangani na katika Maulidi, na aghalabu huipita kwa haraka, macho yameelekezwa kule waendako. Sisi mwaka huu tuliipita polepole, kwa kuwa tulikuwa ndani ya gari kongwe ambalo kuwaka kwake kulikuwa ni jambo la kuombewa dua.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mgongo mrefu, ile ya safu tatu za viti, gia zake zikiwa kwenye usukani. Aina hiyo ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na wazee wetu waliipenda baada ya kuiona ikishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa gari la abiria wa safari ndefu nchini: watu saba ndani, mizigo juu, na dereva aliyejua kila shimo la njia. Mume wa Mama Mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa madereva hao, na alivuka Kilifi na gari hilo tangu enzi ya kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991.

Alifariki kusi ikivuma. Mama Mkubwa akakaa eda miezi minne na siku kumi, na muda wote huo ufunguo wa gari ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Gari lilisimama kwenye uwanja mdogo ulio wazi upande wa bahari, si mbali na Ngome ya Yesu. Watoto wakawa wakisema kwa utani kwamba nalo limekaa eda.

Eda ilipokwisha, kazi ya kwanza ilikuwa mirathi. Marehemu hakuacha nyumba. Aliacha mke, watoto watatu, wawili kati yao wangali shuleni, deni dogo dukani, na gari hilo. Deni hulipwa kwanza. Kisha mjane mwenye watoto hupata thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume akipata hisa ya wa kike wawili. Hesabu hiyo ni nyepesi kuifanya. Ugumu ulikuwa ni kujua gari lina thamani gani, na jawabu lake lilitegemea swali moja tu: linawaka au haliwaki?

Fundi wa kwanza aliyeitwa aliuzungusha ufunguo mara moja, akasikia kimya, akatoa hukumu kwamba stata imekufa na injini nayo imekwisha. Siku ya pili akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akakadiria bei kwa uzito. Bei hiyo isingelipa hata karo ya muhula mmoja. Wakati huohuo palikuwa na mzee wa Mambrui, mfanyabiashara wa nazi aliyelijua gari hilo tangu zamani, ambaye alituma salamu: likifika kwake kwa miguu yake lenyewe, atalinunua kwa bei ya gari. Baina ya bei hizo mbili ndipo ilipokuwa haki ya mayatima.

Dada yangu, binti mkubwa wa Mama Mkubwa, ndiye mwenye leseni. Alikwenda kumtafuta fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea marehemu, mtu aliyekwisha kustaafu ambaye hukaa barazani na kahawa yake. Mzee alikuja na bisibisi moja, spana mbili na kipande cha msasa. Kabla ya kugusa chochote alituita sote, wanawake na watoto, akasema, "Njooni msikilize. Gari lisilowaka lina lugha yake, na lugha hiyo haina mambo mengi."

Alitufundisha kwamba ufunguo ukizungushwa husikika moja ya sauti tatu. Ya kwanza ni kimya, au mlio mmoja wa "tak" kisha kimya. Hapo umeme haufiki, au unafika ukiwa dhaifu. Ya pili ni injini kuzunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini, nayo ni dalili ya betri iliyochoka. Ya tatu ni injini kuzunguka kwa nguvu zake zote lakini isishike moto. Mwenye kusikia sauti hii ya tatu aiache betri na stata, kwa kuwa hizo zimefanya kazi yake. Kasoro iko kwenye petroli au kwenye cheche.

Letu lilikuwa kimya. Mzee akamwambia dada awashe taa kubwa. Zilitoa mwanga mwekundu hafifu, na ufunguo ulipozungushwa zikazimika kabisa. "Kama stata ndiyo iliyokufa," akasema, "taa zingebaki ziking'aa. Taa zikifa pamoja na ufunguo, tazama betri na vichwa vyake." Akafungua boneti. Juu ya vichwa viwili vya betri palikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani, umeota kama chumvi ukutani mwa nyumba ya mawe. Tindikali ya betri na unyevu wa hewa hula risasi na shaba hivyo, na hapa kwetu upepo wa bahari huja na chumvi, basi uharibifu huenda mbio zaidi.

Alifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akaeleza kuwa wakati wa kurudisha hufuatwa kinyume chake, chanya kwanza na hasi mwisho, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. Alikataza moto na sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka. Mama Mkubwa alileta birika la maji ya moto, unga ule ukayeyuka na kuoshwa, kisha msasa ukapita hadi chuma kikang'aa. Betri ilipelekwa ikachajiwa usiku kucha. Betri ya gari ni ya volti 12, na ikiwa imejaa na kupumzika hupima kama 12.6, yetu ilikuwa chini ya 12, nayo ikifika hapo haina nguvu ya kuzungusha injini. Betri isiyotumika hujimaliza yenyewe taratibu, na joto huongeza kasi. Iliporudi, vichwa vikakazwa na kupakwa mafuta ya mgando, yaleyale ya kupakwa watoto, ili kuzuia hewa ya bahari.

Ufunguo ukazungushwa, na injini ikazunguka kwa nguvu. Stata iliyohukumiwa kifo ilikuwa hai. Lakini gari halikushika moto. Tulikuwa tumetoka kwenye sauti ya kwanza tukaingia kwenye ya tatu.

Injini ya petroli, kwa maneno ya mzee, haiombi zaidi ya mambo matatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Mgandamizo haupotei kwa gari kusimama miezi minne, basi akaanza na cheche. Alichomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini akiishika kwa koleo lenye mpira, na dada akapiga stata. Hapakuonekana kitu. Akafungua kofia ya distributa, akatuonyesha pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Zilikuwa zimeshika ukungu mweusi kwa unyevu. Alizipitisha msasa laini, akapima mwanya wake, kama nusu milimita pungufu kidogo, akaifuta kofia ikakauka. Mara ya pili cheche ikaruka, ya buluu.

Ilibaki petroli. Iliyokuwa ndani ya tangi ilinuka kama rangi ya zamani, kwa kuwa petroli ikikaa muda mrefu sehemu yake nyepesi hupaa, na kinachobaki huacha utomvu kwenye matundu madogo ya kabureta. Tangi likamwagwa mbali na majiko ya watu, kabureta ikasafishwa, petroli mpya ikatiwa. Jioni ya siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, gari likakohoa mara mbili, likatoa moshi, likawaka. Mama Mkubwa aliisikia sauti ile akiwa dirishani. Hakusema neno. Aliingia ndani, na tulimkuta juu ya mswala.

Tuliondoka siku iliyofuata baada ya alfajiri: dada kwenye usukani, Mama Mkubwa kando yake, Mjomba na tasbihi yake safu ya kati, mimi na watoto nyuma. Tulisoma dua ya safari tukashika daraja la Nyali. Kaskazi ilikuwa imeanza na bahari ilikuwa shwari. Mtwapa kulikuwa na msongamano wa magari, na tulitambaa kwa muda mrefu huku joto likipanda. Kisha njia ikafunguka, tukaingia Vipingo, ambako mistari ya mikonge imenyooka hadi macho yanachoka, na baadaye njia panda ya Takaungu, mji wa Wamazrui. Hapo Mjomba alianza kutaja masheikh na ukoo hadi tukafika Mnarani.

Mnarani iko juu ya hori la Kilifi, upande wa kusini. Kuna magofu ya msikiti mkubwa na kaburi lenye nguzo ndefu, katikati ya mibuyu, na chini yake maji ya hori ni ya buluu iliyokolea. Tulikula mahamri na mbaazi kivulini, gari limezimwa juani. Tulipotaka kuondoka injini ilizunguka kwa nguvu, ila haikuwaka.

Vijana wawili waliokuwa karibu walikuja mbio, mmoja akasema pampu ya petroli imeharibika na kwamba anamjua mtu mwenye pampu. Dada aliwashukuru, akatulia, akayapanga aliyofundishwa. Sauti ni ya tatu, kwa hiyo betri ni nzima. Gari limewaka asubuhi na kwenda kilomita karibu 60, kwa hiyo pointi na plagi zinafanya kazi. Kilichobadilika ni joto. Injini ikizimwa ikiwa ya moto, upepo wa kuipoza hukatika, na petroli iliyo kwenye pampu, mpira na kabureta huchemka ikawa mvuke. Pampu imeundwa kuvuta kimiminika, na mvuke huishinda.

"Fungueni boneti, tungoje," akasema. Mama Mkubwa akavua leso aliyokuwa amejifunga juu ya baibui, tukailowesha kwa maji ya kunywa, tukaizungusha kwenye pampu na kwenye mpira wa petroli, tukiepuka bomba la moshi. Maji hayamwagwi juu ya injini ya moto, kwa kuwa chuma kikipoa ghafula hupasuka. Dada hakuendelea kupiga stata, kwa sababu mzee alimwonya asizidishe sekunde kumi kwa mara moja, na apumzishe dakika nzima kabla ya kurudia, au ataunguza stata na kuimaliza betri. Tulingoja robo saa na zaidi. Mjomba akasema mwenda pole hajikwai. Kisha ufunguo ukazungushwa na gari likawaka, na vijana wakacheka pamoja nasi na kututakia safari njema.

Tulivuka daraja la Kilifi. Mama Mkubwa alitazama chini, mahali palipokuwa na kivuko, akasema marehemu alizoea kuliegesha gari kwenye mteremko akingoja zamu, ili likikataa alisukume. Gari la gia za mkono huwashwa hivyo: swichi wazi, gia ya pili, klachi chini, watu wasukume, na likipata mwendo klachi iachiwe. Gari la gia za kujibadilisha lenyewe halikubali dawa hiyo.

Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke huandamana na barabara upande wa kushoto, mabaki ya msitu mkubwa wa pwani uliokuwa ukienea mbali zaidi. Adhuhuri ilitukuta Gede. Tulikuwa tumekwisha kuwa wasafiri kisheria, basi tukajumuisha adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili, kisha tukawapeleka watoto kuona mji wa kale. Gede ni mji wa Waislamu uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, una msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, nyumba zenye vyoo vya ndani na visima virefu. Watu waliuhama kufikia karne ya 17. Serikali iliulinda tangu mwaka 1927, James Kirkman akaufukua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto aliuliza kwa nini waliondoka. Wataalamu wametaja vita, maradhi na uhamaji wa watu, na wengine wameonyesha jinsi kisima kimoja kilivyochimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakikimbia. Tulisimama ukingoni mwa kisima hicho kwa muda, tukiitazama giza ya ndani yake.

Gari lilitusubiri chini ya mwembe. Ufunguo ukazungushwa. "Tak." Kisha kimya.

Safari hii hakuna aliyengoja mtu. Dada aliwasha taa, zikawaka vizuri, akazungusha ufunguo, zikazimika. Sauti ya kwanza, taa zinakufa: betri na vichwa vyake. Alifungua boneti, akakishika kichwa cha hasi, kikazunguka mkononi mwake. Mitikisiko ya njia ilikuwa imekilegeza. Binti wa miaka kumi ndiye aliyeleta spana. Ilichukua muda mfupi kuliko kusimulia, na gari likawaka.

Tulipita Malindi bila kusimama, tukavuka mto Sabaki, ambao maji yake mekundu huipaka bahari rangi hadi mbali na ufuo. Mambrui ikatokea baada ya hapo na minazi yake, misikiti yake na machanga yake. Mzee mnunuzi alikuwa barazani. Aliposikia mngurumo alisimama, akasema anaujua.

Chai ilipokwisha kunywewa, alitaja bei, nayo ilikuwa njema. Mjomba akatazama chini. Mama Mkubwa, kutoka upande wa wanawake, akamwomba Mjomba ampelekee maneno haya: kwamba gari likitoka safarini na jua limewaka, hukataa ufunguo kwa robo saa au zaidi, kwamba betri yake ni ya zamani, na kwamba vichwa vyake hulegea. "Mwambie," akasema, "asije akalipa kisichokuwemo. Fedha hizi ni za mayatima."

Sote tunajua Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya chakula cha muuzaji akakuta kimelowa chini, na jinsi alivyomkemea mwenye kughushi. Kasoro ya bidhaa ni amana shingoni mwa muuzaji hadi aitaje, na ikifichwa, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini kuijua hukumu ni jambo moja, na kuitamka mbele ya bei njema ni jambo jingine, hasa kwa mjane ambaye thumuni yake imo humo.

Mzee alifikiri kidogo. Alipunguza kiasi cha bei ya betri mpya, akaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Akasema la joto analijua, marehemu alimwambia miaka mingi iliyopita, na alikuwa akingoja kuona kama watamwambia.

Tulirudi Mombasa kwa matatu. Deni la dukani lililipwa siku ileile, na karo zikalipwa wiki iliyofuata. Kwa wasomaji wenye gari kongwe uani, yafaa kuacha ndani yake spana ya vichwa vya betri, msasa, chupa ya maji, kitambaa, tochi na zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani. Likikataa, wasogezeni watoto mbali na njia, kisha lisikilizeni kabla ya kuwasikiliza watu. Na mzee yule fundi hakutaka malipo. Aliomba asomewe Fatiha marehemu, na kila Ijumaa tunaisoma, tukimtaja naye katika dua.